Spana ya Pembe Tano

Ndoo mia na ushei zilikuwa kwenye foleni mbele ya bomba la mtaa, zenyewe, bila mtu, kila moja na kitambaa cha mwenyewe kwenye mpini. Siku ya kumi na moja hiyo, bomba halijatoa hata kikohozi. Injinia akazitazama kwa mapenzi. Mtaa unaoacha ndoo zisubiri ni mtaa ambao bado unaamini, na yeye alikula imani za watu.

Uinjinia wake ulikuwa kizibao cha njano, basi. Begani alibeba spana ndefu aliyoipata kwa muuza vyuma chakavu. Kazi yake hakuijua, ila ilikuwa nzito, na uzito huleta heshima.

"Shikamooni, mama zangu. Nimetumwa na Idara kuwafungulia maji."

"Marahaba," akajibu fundi cherehani kutoka barazani. "Idara ipi? Hii inayotutoza bili ya upepo?"

"Hiyo hiyo, mama. Ila leo nimekuja kwa huruma yangu. Shukrani kidogo tu."

"Hela hatuna."

Macho ya Injinia yalishatua kwenye cherehani. "Hata hiyo yatosha."

Watu wakaguna. Cherehani ile ilisomesha watoto wanne. Mwenye cherehani aliitazama spana, akakitazama tena kichwa chake, penye tundu la pembe tano.

"Utaichukua. Ukishafungua."

Injinia akachuchumaa kwenye kifuniko cha chuma cha karibu, pale chini. Angezungusha chochote, aseme maji yanapanda, yatafika baada ya saa mbili, aondoke na cherehani.

"Siyo hicho, baba. Kile cha kwenye kona."

"Ndiko nilikokuwa naelekea."

Miaka thelathini nyuma, mama huyu aliuchimba mtaro wa bomba kwa mikono yake, kwa ahadi ya bomba kila mlango. Bomba likapita chini ya vitanda vyao, likapanda kilimani kujaza bwawa la kuogelea la Mkubwa. Koki ya mtaa ikafungwa kwa nati ya pembe tano, isiyoingia spana yoyote ya dukani. Hayo hayamo kwenye mafaili ya Idara. Yamo ukutani nyuma ya cherehani: umbo la nati, kwa chaki ya kushonea, likichorwa upya kila lilipofutika.

Spana ikakaa barabara kwenye nati. Mizunguko mitatu, ardhi ikanguruma, bomba likatapika kutu, kisha maji! Aliyeshtuka kuliko wote ni Injinia.

"Cherehani yangu, mama," akasema katikati ya vigelegele.

"Subiri. Vua kizibao kimelowa, nikuanikie. Na hiyo spana lete, ina tope."

Akampa vyote; spana ikalazwa chini ya cherehani. Mtu aliyetoka kufanya muujiza hana ubahili.

Gari la Idara likatokea, linashuka mbio kutoka kilimani. Bwawa lilikuwa limeacha kujaa.

"Wenzako hao, mwanangu. Utawangoja msalimiane?"

Injinia alishafika kona ya pili.

"Nani kafungua?" wakafoka maafisa.

"Afisa wenu," mtaa mzima ukajibu. "Kizibao chake hicho."

"Na spana?"

"Kaondoka nayo."

Wakafunga koki, wakaondoka. Fundi cherehani akamalizia kwanza pindo la gauni, akakata uzi kwa meno. Kisha akainama chini ya cherehani.