Tume ya Masikio na Kaseti ya Marehemu Khaled

Inatangazwa kwa raia wote wa Bujumbura, wenye masikio mawili na wenye moja, kwamba ingawa vita bado vinaendelea milimani, wakubwa wetu wamepata nafasi ya kushughulikia jambo lililokuwa haliwezi kungoja tena, yaani sauti. Kwa hiyo imeundwa Tume ya Kutenganisha Yanayosikika na Yasiyosikika. Ofisi iko mjini, ghorofa ya pili, mlango usio na kitasa. Ukifika, sukuma.

Nawaeleza haya kama mtu wa ndani. Mimi ni mjumbe. Sheria ya Tume ilitaka mwanamke mmoja, mjane mmoja na Mwislamu mmoja wa mtaa wa Bwiza, na viti vilikuwa haba, basi nikakaa kimoja kwa niaba ya watatu. Alhamdulillahi, kina mto.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kaseti za zamani za mji zilikuwa zinaoza, na wafadhili walileta kompyuta moja ya kuziingiza. Fundi wetu Vainqueur, kijana aliyetoka Uvira na mke na spika mbili, alitueleza kwamba ndani ya kompyuta sauti hukaa kwa namna mbili. Kuna nzima, inayokaa kama ilivyozaliwa na kujaza nyumba kama mgeni mwenye watoto kumi. Na kuna iliyokazwa, inayoitwa MP3, ambayo hujikunja pembeni na haisumbui mtu.

"Sasa ukiikaza," alisema Vainqueur, "mashine inatafuta kile sikio la mutu haliwezi kushika, inakitupa. Kama kuna kelele kubwa, na chini yake kuna kasauti kadogo, kale kadogo kanaenda. Na kakishaenda hakarudi."

Mkurugenzi wa Tume, Anselme, aliweka kalamu chini. Sijawahi kumwona akiipenda mashine namna ile.

"We unasema," akauliza polepole, "iko mashine yenye kuamua raia hawasikii nini?"

"Iko, Bwana Direkteri."

"Na sisi miaka yote tulikuwa tunafanya kwa mikono."

Hata hivyo, mtu mwenye cheo haachii mashine kazi yake. Akaamua kwamba Tume yenyewe ndiyo itasema kipi raia wanasikia na kipi hawasikii, na Vainqueur atakaza kwa kufuata. Mshauri wake, Bwana Zénon, ambaye humuunga mkono kabla hajafungua mdomo, akatoa pendekezo la kwanza: milio ya bunduki na mizinga kutoka mitaa ya Kinama na Kamenge. Raia hawaisikii. Wakati huohuo mmoja ulilia upande huo, vioo vya dirisha vikatetemeka. Tume haikuusikia, na ikaandikwa hivyo.

Tulifanya kazi vizuri mpaka kompyuta ikajaa. Vainqueur akaja na habari kwamba vitu viwili vikubwa vilikuwa bado vizima, na nafasi ilitosha kimoja tu. Kingine lazima kikazwe. Cha kwanza kilikuwa hotuba ya Mkurugenzi Anselme siku ya kufungua Tume, saa nzima na zaidi. Cha pili kilikuwa kaseti ya Khaled.

Khaled ni marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa magari, lakini Bwiza ilimjua kwa dufu. Msichana hakutoka kwa wazazi wake kwenda kwa mume mpaka Khaled asimame mlangoni amwimbie kaswida ya kumtoa. Kaseti hiyo waliirekodi uani kwetu, Asiya wetu akiwa mtoto wa kutambaa. Katikati ya wimbo, mkono wa Khaled unaendelea kupiga, yeye anavuta pumzi, na kwa sauti ya chini kabisa, chini ya dufu, anasema: "Asiya, toka kwa jua." Kisha anaendelea kuimba.

Vainqueur alipoiingiza, ukanda ulifika mwisho ukakatika, kama mwenye sauti alivyofanya. Sasa Khaled alibaki ndani ya kompyuta tu. Na Jumapili Asiya alikuwa anaolewa. Hakujua kwamba mle ndani kuna jina lake. Mimi nilitaka baba yake amwite mlangoni, siku hiyo, kwa mdomo wake.

"Kaseti ikazwe," alisema Bwana Zénon. "Hotuba ni urithi wa taifa. Hii ni mambo ya familia. Tena, Mama Asiya, hako kajina kako chini ya ngoma. Raia wa kawaida hakasikii."

"Mi nakasikia."

"We ni mujumbe. Hauko raia wa kawaida."

Sikubishana. Niliomba tu kujua Tume inapimaje kusikia, maana kila mtu anaweza kusema amesikia. "Kwa madrasa yetu," nikawaambia, "mutoto akisema amesikia, mwalimu anamwambia: rudia. Akirudia, amesikia. Akishindwa, alikuwa anaangalia inzi."

Mkurugenzi alifurahi mpaka akasimama. "Très bien. Tena ni ya kisayansi." Siku ileile akatia sahihi Kanuni ya Rudia: chenye kurudiwa na raia kitabaki kizima, kisichorudiwa kitakazwa. Bwana Zénon akaongeza mwishoni "bila kubagua cheo cha mutu", kwa sababu mwaka ule barua zote zilimalizika hivyo.

"Kwa hotuba yangu sina wasiwasi," Mkurugenzi aliniambia kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole mapema. "Uliona makofi yale."

Niliyaona.

Alhamisi tukawaita watu wa Bwiza waliohudhuria ule ufunguzi. Mbele kabisa alikaa jirani yangu Bibi Mwanne, mwenye umri ambao yeye mwenyewe ameacha kuutafuta, na kapu lake la ndagala, visamaki vya ziwani, mapajani.

Tukaanza na milio ya Kinama, kwa mazoezi.

"Nani amewahi kuisikia?" aliuliza Bwana Zénon. Watu wakaangalia dari, kwa mazoea. Bibi Mwanne akanyoosha mkono.

"Basi rudia, Bibi."

Bibi Mwanne akaweka kapu chini, akajaza kifua. Alianza na ile midogo ya mfululizo, akapandisha, akamalizia na ile mikubwa inayokuja mwisho. Tulipotulia, Bwana Zénon alikuwa chini ya meza.

"Inasikika," alisema Vainqueur. Tume ikaahirisha kipengele hicho ili kukitafakari zaidi.

Ikachezwa kaseti ya Khaled, kutoka ndani ya kompyuta. Ilipokwisha, hakuna aliyengoja kuambiwa arudie. Bibi Mwanne alichukua meza badala ya dufu, ukumbi ukaitikia, wanaume kwa wanawake, na kikohozi cha Khaled cha beti ya pili wakakitia mahali pake. Walipofika pale katikati wote wakanyamaza pamoja, mkono wa Bibi Mwanne ukaendelea kupiga, naye akasema chini chini: "Asiya, toka kwa jua."

Mimi niliangalia viganja vyangu. Mkurugenzi, nataka nimtendee haki, naye alikuwa anatikisa kichwa kwa kufuata mapigo.

Ikachezwa hotuba. Saa nzima na zaidi. Kisha Bwana Zénon akasema, "Rudieni."

Ukumbi ukawa kama msikiti wakati wa sijida.

"Alisema... maendeleo?" mwanaume mmoja alijaribu kutoka nyuma.

"Hayo ulisikia kwa redio," mwenzake akamwambia. "Usimsingizie mutu."

"Mwanangu," Bibi Mwanne alimwambia Mkurugenzi, "mi nilikuwa pale siku ile, na leo niko tena. Nilikuona ukifungua mudomo. Kwa hilo niko shahidi."

Bwana Zénon akasema yeye anaweza kurudia, maana ndiye aliyeiandika. Akaanza vizuri, "Waheshimiwa," na hapo akakaa. Mimi nikaulizwa kama mjumbe. Sikuweza kudanganya mbele ya Mungu: saa ile yote nilikuwa navuta tasbihi.

"Labda Bwana Direkteri mwenyewe," nikasema kwa heshima.

Mkurugenzi akavua miwani. "Ilikuwa juu ya umuhimu," alisema. "Umuhimu wa... Ilikuwa ndefu, Mama Asiya."

Pale pale kijana mmoja wa karibu na mlango akakumbuka, akainua kichwa, na kabla hajamaliza ukumbi mzima ulikuwa naye, sauti moja, kwa mwendo uleule wa Mkurugenzi na ule mkono wake wa kulia unaofunguka: "Na sasa, karibuni vinywaji."

Ikathibitishwa kuwa imesikika. Vainqueur akaikaza hotuba kwa kufuata Kanuni, bila kubagua cheo cha mutu. Saa nzima na zaidi ikawa maneno manne. Khaled akabaki mzima.

Jumapili ikafika. Harusi zetu siku hizi ni za mchana, kwa sababu ya zile sauti zisizosikika. Mkurugenzi alikuja na tai, Bwana Zénon nyuma yake, wakapewa viti vya mbele. Vainqueur alileta spika zake mbili na CD ya Tume, yenye kazi zote zilizoidhinishwa, kwanza kaseti, kisha hotuba.

Dufu likalia. Asiya akatoka mlangoni amefunikwa, mashangazi huku na huku, jua la saa saba likiwaka uani. Khaled akaimba beti ya kwanza, ya pili, akakohoa, akavuta pumzi.

"Asiya, toka kwa jua."

Asiya alisimama. Alifunua uso kidogo, akaangalia uani kote, kisha akafanya alivyoambiwa: akasogea kando ya ukuta, kivulini. Bibi Mwanne alipiga kigelegele, nasi tukamfuata.

Wimbo ukaisha, na CD haikusimama. Kutoka spika zote mbili, safi, nzito, haijapungua hata chembe, ikaja sauti ya Mkurugenzi Anselme: "Na sasa, karibuni vinywaji."

Watu wote uani wakamgeukia.

"Ile ilikuwa hotuba," alisema Mkurugenzi. "Ilikuwa mambo ya ofisi."

"Tumesikia, Bwana Direkteri," alisema Bibi Mwanne. "Turudie?"

Hawakungoja jibu. Walirudia uani, na waliokuwa barabarani wakarudia, na waliokuwa hawajaalikwa wakaingia wakirudia. Mkurugenzi akamnong'oneza Bwana Zénon, na Bwana Zénon akaondoka na gari la ofisi kutafuta kreti za Fanta.

Hazikutosha. Kila zilipokwisha, Vainqueur, ambaye ni mtu wa kufuata kanuni, aliirudisha CD mwanzo. Khaled akaimba tena, Asiya akaitwa tena akasogea tena kivulini, na Bwana Zénon akawasha tena gari.