Springi za Dereva Zundui

Jumanne, 1 Oktoba
Asubuhi nzima nimelala chali chini ya lori langu la Kirusi. Linavuta kwa magurudumu yote manne na limenizidi umri. Springi za mbele zimekatika, bushi zimekwisha, shokapu zinavuja. Wiki ijayo tunahamia malisho ya majira ya baridi, ng'ambo ya mlima. Shemeji Luvsan, kaka wa mke wangu, amekuja na lori lake jipya kunichungulia. Kasema hema letu atalibeba yeye, mimi nifuate na mbuzi. Kayasema mbele ya mama mkwe.

Nimecheka. Nimecheka mpaka chai ikamwagika.

Jumatano, 2 Oktoba
Nina mpango. Kule korongoni kuna lori kama langu, limelala tangu enzi za ushirika wa wafugaji. Lilikuwa la dereva Zundui, aliyefia usukanini kwenye theluji. Watu hulizunguka mara tatu, humwaga maziwa kumheshimu marehemu, huondoka. Hakuna anayegusa hata nati.

Nimekwenda leo hii: springi zake nzima, nene, chuma cha zamani. Nati zilifunguka kwa vidole, baada ya miaka thelathini ya kutu. Bahati iliyoje! Maziwa sikuwa nayo. Nikamwaga chai iliyobaki kwenye chupa.

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimefunga springi. Nimeweka na vipande vya chuma juu ya ekseli ili lori linyanyuke. Nimelizidi la Luvsan kwa vidole vinne. Nikamwita aone.

Alipofika, lori lilikuwa limeinamia kulia. Kaniuliza, "Shemeji, nani kakaa humo?"

Usukani wa lori hili uko kushoto; kiti cha kulia, cha abiria, kilikuwa kitupu. Nimemwambia ni upepo. Upepo haukuwepo.

Ijumaa, 4 Oktoba
Nimeongeza chuma upande wa kulia. Lori likanyooka. Nikaenda kula, nikarudi: limeinama vilevile. Nikapakia gunia la makaa upande wa kushoto. Likanyooka. Kisha, mchana kweupe, nikilitazama, likashuka polepole upande wa kulia, kama mtu mzima anayejiweka sawa kitini. Ndani mna harufu ya tumbaku. Mimi sivuti.

Mama mkwe kaja na bakuli la chai ya maziwa, kaliweka kwenye kile kiti. Kasema, "Karibu, kaka Zundui," akaenda zake kukamua. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nilikotoa springi.

Nilipolifuata bakuli, lilikuwa tupu na baridi kama barafu.

Jumamosi, 5 Oktoba
Mke wangu Yanjmaa kanibana, nikakiri. Kasema nizirudishe leo hii. Nimesema nitazirudisha tukishahama. Kanikumbusha kwamba Zundui alijua kila kona ya mlima ule, na hakuwahi kumnyima mtu lifti. Nikajibu kwamba basi tumepata mwenye uzoefu bila kumlipa.

Jumatatu, 7 Oktoba
Naandika usiku, tumeshafika.

Tumeondoka asubuhi. Nimemtangulia Luvsan, makusudi. Mama mkwe kakataa kukaa mbele nami. Kasema, "Kiti kina mwenyewe, mwanangu." Yeye na Yanjmaa wakapanda nyuma, juu ya mizigo.

Mlimani theluji imesawazisha kila kitu, ukungu umefunga. Kwenye kona ya tatu lori likazama kulia hadi gurudumu likasuguana na bodi. Usukani ukanivuta upande wa mlima. Injini ikazima. Luvsan nyuma yangu akapiga honi, na nikamsikia akicheka. Nilitelemka kwa hasira nilipige teke lile tairi.

Hatua tano mbele hapakuwa na barabara. Ilikuwa imemeguka, na theluji ya upepo imetanda juu ya utupu kama shuka. Nikatupa jiwe. Sikulisikia likitua.

Luvsan kaja bado anacheka, kaona, kavua kofia. Kisha kanishika mkono, akanionyesha chini. Mlango wa kulia ulikuwa umefungwa. Kuanzia mlangoni, nyayo za viatu vya sufi zilikwenda hadi ukingoni, zikasimama, zikarudi mlangoni. Miguu ya mtu mmoja. Sisi sote tulivaa buti za mpira.

Mama mkwe peke yake hakushangaa. Kamwambia Luvsan, taratibu, "Geuza gari, baba. Tumeshaambiwa."

Tumepita njia ya bondeni. Yanjmaa alinishika bega safari nzima kupitia dirisha la nyuma. Sikuthubutu kutazama kulia.

Alhamisi, 10 Oktoba
Luvsan kanipeleka korongoni kwa lori lake. Hakunicheka hata mara moja. Nimezifunga springi mahali pake, nikamwaga maziwa, nikazunguka mara tatu. Nikamwomba radhi mzee Zundui kwa sauti, nikalia kidogo. Nati zilijikaza zenyewe kabla sijainua spana. Luvsan kasema tutaagiza springi mpya mjini, pamoja. Nimekubali. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Tukirudi tumekatiza ziwa lililokauka. Katikati pamesimama gari la wagonjwa, la zamani, la magurudumu manne ya kuvuta. Milango wazi, shokapu zinang'aa, hazina hata vumbi. Luvsan aliposimama kujaza rejeta maji ya dumu, nikamuuliza mchungaji mmoja lile gari ni la nani. Kasema watu hawalisogelei. Sikumuuliza kwa nini. Angenichelewesha, na nilikuwa bado sijapima urefu wa zile shokapu.