Injini ya Kushoto Imo Mfukoni

Ndugu zangu tuliosoma darasa moja, leo nimeaibika. Nimechekwa na maturubai matatu ya watu, na hata mbuzi wa ndafu, yule aliyechomwa mzima, pale mezani alikuwa amekenua meno kunielekea mimi. Na sina wa kumlaumu. Alhamisi niliulizwa swali moja jepesi nikajibu, "Chukueni." Ningejibu "hapana", saa hizi ningekuwa nyumbani nakunywa chai.

Naandika hapa kwenye mkahawa wa intaneti nikiwa bado na suti. Mkono wa koti una sukari ya keki. Mfukoni nina injini ya ndege. Nitaeleza.

Nilipokuwa dereva wa watalii, kulikuwa na mgeni mmoja, fundi wa ndege mstaafu, niliyemteremsha kreta kuona wanyama mara tatu kwa miaka tofauti. Safari ya mwisho aliniachia boksi. Ndani yake kulikuwa na ndege ya jeti ya abiria, mfano mdogo wa plastiki, ikiwa vipande vipande. Ukiiunganisha inakuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, na kila kitu kimepunguzwa kwa kipimo, mpaka bawaba za milango. Aliomba jambo moja tu: nikimaliza, nimpelekee picha.

Boksi lilikaa juu ya kabati miaka minne. (Mke wangu anasema sita. Mke wangu ndiye mwenye kumbukumbu.)

Hapa nikiri. Mimi si mtu wa kumaliza vitu. Geti langu lina ubao mmoja, mwenzake bado ni mti. Ukuta wa choo cha nje nilipiga lipu mpaka usawa wa kifua. Banda la kuku lina kuta tatu. Kuku wanaingia kwa mlango kwa adabu, halafu wanatokea upande usio na ukuta. Mama Neema huwapeleka wageni pale kama mimi nilivyokuwa nawapeleka watalii kwenye tembo. "Na hapa," huwaambia, "ndipo Baba Neema alipochoka."

Mwezi wa kwanza aliniambia, "Baba Neema, maliza kitu kimoja. Chochote. Hata hilo dege lako. Ukilimaliza, sitataja banda mbele ya mgeni tena mpaka naingia kaburini."

Nikateremsha boksi. Miezi minane nimekaa dirishani na wembe, gundi na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilikuwa na raha, siwafichi. Kufikia Jumatano ndege ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake, nyeupe, safi, imebaki vitu vidogo vidogo tu vya mwisho.

Alhamisi akaja Mzee Tarimo. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi, ndiko ninakonunua rangi na gundi. Safari hii alikuja kama mwenyekiti wa kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga Upendo, binti wa jirani yetu anayeolewa. Huyo mchumba wake ni fundi kwenye uwanja wa ndege. Kamati ilikuwa imepata wazo.

"Mzee Bura, tunataka ndege yako ikae kwenye meza ya keki. Ukitunyima tutaweka maua ya plastiki kama kila mtu."

Mama Neema alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Haijaisha," akasema.

"Jumamosi itakuwa imeisha," nikasema mimi. "Chukueni."

Nilisema hivyo kwa sababu moja: nilitaka watu waione. Mtu akikaa miezi minane dirishani, anafika mahali anataka kuonekana. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Yapo mengine.

Leo nimeamka alfajiri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na rangi haipendi baridi yetu, kwa hiyo nilifanya kazi ubavuni mwa jiko la mkaa. Nikaanza na maandishi. Ni herufi ndogo kama chawa zilizochapwa kwenye karatasi. Unazilowesha kwenye maji ya uvuguvugu, zinateleza, unazisukuma kwa brashi mpaka mahali pake. Ukipumua kwa nguvu, jina la ndege linahamia mkiani. Kisha nikachukua ncha ya sindano niliyopewa na bwana mifugo, nikaibandika puani. Ile ndiyo inayopima mwendo wa ndege. Taa nyekundu ya bawa la kushoto ni tone la rangi ya kucha ya Mama Neema. (Niliomba. Baadaye.) Midomo ya injini nikaipaka rangi ya fedha.

Antena zilinisumbua wiki nzima mpaka nilipomkumbuka rafiki yangu Lemburis, mfugaji wa Enguserosambu, ambaye alikuwa anakuja mjini kwa sherehe hii hii. Nilimtumia salamu aniletee singa za mkia wa ng'ombe. Akaniletea za fahali wake mweupe, amezifunga kwenye karatasi kama dawa. Alitaka kujua ndege inafukuza nzi gani huko juu. Nikamweleza kwamba singa moja itasimama mgongoni mwa ndege iwe antena. Akafikiri, akasema fahali wake atafurahi kusikia hivyo.

Mwisho kabisa nikapitisha tumbo la ndege juu ya moshi wa kibatari, kidogo tu, ili lionekane limesafiri. Saa nne asubuhi nikaweka brashi chini.

Nikamwita Mama Neema. Akavaa miwani yake ya Biblia. Akaizunguka meza mara mbili. Najua alichokuwa anatafuta: upande usio na ukuta. Halafu akanyooka.

"Imeisha," akasema.

Ndugu zangu, nimeoa miaka thelathini na tisa. Neno hilo sikuwahi kulisikia kuhusu kazi ya mikono yangu.

Nikataka kuipiga ile picha ya kumpelekea yule mgeni, kumbe kamera haina filamu. Nikasema si kitu, nitanunua filamu jioni, baada ya sherehe. (Kosa la pili.)

Saa tano nikaifikisha kwa baba wa Upendo, nimeibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Mpambaji, Mama Doreen, akaipokea na kusema tumbo lina uchafu. Kabla sijafungua mdomo akalifuta kwa kitambaa. Nikampisha afanye kazi yake. Akatandika nyavu nyeupe, akamwaga pamba iwe mawingu. Keki yenyewe ilikuwa njiani kutoka Arusha, gari limepata pancha Makuyuni. Lakini ile sukari ya kupambia keki alikuwa nayo kwenye mfuko, na kwa kuwa ndege ilikuwa inateleza, akayashikisha magurudumu yake kwa sukari. Ilipobaki nyingine akazungusha maua ya sukari chini ya mabawa, na moja mgongoni, kando ya antena.

Nilisimama pale nikiyaona haya yote. Nikamwambia, "Mama Doreen, umeipendezesha." (Kosa la tatu. Naacha kuhesabu.)

Mshereheshaji alikodiwa kutoka Arusha na alichelewa. Hakuna aliyemweleza kitu. Alipewa ratiba imeandikwa "Kukata keki", akatazama meza ya keki, akaona kitu cheupe chenye maua ya sukari. Ningekuwa yeye, nami ningeamini hivyo hivyo.

Saa nane akashika kipaza sauti. "Tangu nianze kazi hii sijaona keki kama ile. Fundi aliyeitengeneza yuko wapi? Asimame tumpongeze."

Neno "keki" nililisikia vizuri kabisa. Nilidhani anatania, maana kazi yao ni utani. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Nikapunga mkono kulia, nikapunga kushoto. Makofi yakapigwa na akina mama wakapiga vigelegele.

"Imekuchukua muda gani, mzee wangu?"

"Miezi minane."

Turubai zima likacheka. "Basi wakwe mjiandae," akasema, "hii imekomaa." Nami nikacheka. Sijawahi kucheka kijinga namna ile.

Mama Neema akanivuta koti. "Baba Neema, anasema keki."

"Ni utani, mama."

"Kisu si utani."

Nikageuka. Upendo alikuwa ameshafika mezani, amevalishwa vizuri, macho yamejaa machozi tangu asubuhi, na yule wa video amemwelekezea taa usoni. Mkononi ana kisu chenye utepe mwekundu. Mshereheshaji akahesabu mpaka tatu. Kisu kikashuka kwenye bawa la kushoto.

Likalia: ka!

"Baridi ya Karatu imeikausha kidogo," akasema mshereheshaji. "Ongeza nguvu, binti."

Binti akaongeza nguvu. Analima ngano ya baba yake Mbulumbulu, nguvu anazo. Bawa likaondoka, mwili ukapasuka kuanzia mlangoni hadi mkiani, na injini ya kushoto ikabingirika mpaka kwenye maua ya sukari. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa nimetoka kupokea makofi sasa hivi. Nilisitasita, na kusitasita kwangu ndiko kulikoharibu kabisa. Matroni wa Upendo aliiona ile injini: nyeupe, mviringo, ukubwa wa tonge, imepakwa sukari, na mbele ina tundu kama lililotobolewa kwa ajili ya kijiti. Akaichoma kijiti, akampa Upendo.

Wa kwanza kulishwa ni upande wa wakwe. Akatoka mjomba wa bwana harusi, mzee wa heshima kutoka Kilimanjaro. Akasimama mbele ya binti, mikono nyuma, macho amefumba, mdomo wazi.

Hapo ndipo sauti ilinitoka.

"Mzee, usimeze! Hiyo ni injini!"

Watu wote wakanigeukia. Ikabaki sauti ya jenereta peke yake.

Mjomba alikuwa ameshafunga mdomo. Nikaliona shavu lake likicheza, mara ya kwanza, mara ya pili. Ndugu zangu, mnajua ukweni kulivyo. Mtu haji kumchukua binti wa watu halafu akatema alicholishwa na binti huyo mbele ya wazazi wake. Mshereheshaji, ambaye bado hakuelewa, akamsogezea kipaza sauti amweleze keki ikoje. Mjomba akaihamishia injini shavu la pili.

"Ni ngumu kidogo," akasema kwa adabu, "lakini ina utamu wake."

Kipaza sauti kikaletwa kwangu. Ikabidi mimi, mzee wa miaka sitini na saba, nieleze mbele ya kijiji na wakwe kwamba ile si keki. Ni ndege ya plastiki. Niliiunganisha nyumbani.

"Ya wajukuu, mzee?" akaniuliza mshereheshaji, akijaribu kunisaidia.

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini Mama Neema alikuwa ananitazama.

"Yangu," nikasema.

Kicheko kilianzia kwa akina mama wa vyombo, kikapita katikati, kikafika meza kuu. Upendo, aliyekuwa analia tangu asubuhi, alicheka mpaka akashikiliwa. Tarimo alijificha nyuma ya ndafu. Lemburis pekee ndiye hakucheka. Alienda mezani, akainama, akakagua, akarudi na kuwatangazia majirani zake kwamba kila kitu kimevunjika isipokuwa singa ya fahali wake.

Baadaye mjomba alinifuata, akanipa karatasi laini iliyokunjwa vizuri.

"Mzee mwenzangu, injini yako. Sikuitafuna sana."

Ina alama za meno mawili. Nikamwomba radhi, akanishika mkono, akasema katika sherehe zote alizowahi kutumwa, hii ataisimulia. Upendo naye alikuja kuomba msamaha mpaka nikamwambia aache, mwenye kosa ni mimi. Keki ya Arusha ilifika saa tisa na nusu. Walinipa kipande cha kwanza. Nilikibonyeza kwanza kwa kidole.

Kabla sijaja hapa kuandika tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama Neema amebeba mabaki kwenye ungo. Njiani akaniambia, "Mimi niliiona nzima. Wakiniuliza nitasema iliisha."

Moyo wangu ukatulia. "Kwa hiyo banda hutalitaja?"

"Mbele ya wageni sitalitaja," akasema. "Wewe si mgeni. Jumatatu utaanza na ukuta ule wa nne."

Chekeni, lakini chekeni kidogo, mimi bado nina suti. Gundi haitaisaidia ile ndege. Nimeijaribu kwa macho tu nikajua. Neno "chukueni" limenigharimu kitu pekee nilichowahi kukimaliza kwa mikono yangu. Kiliishi kikiwa kizima toka saa nne asubuhi mpaka saa nane na nusu mchana, na yule mgeni wangu hatapata picha yake.