Ni Mimi Pekee Ninayemwelewa Chifu

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimewashinda wote hotelini. Hoja: serikali inaweza kuinua nchi iliyoanguka kiuchumi, au haiwezi? Jirani yangu Kipkurui alisema haiwezi. Alisema serikali haijawahi kuinua hata ndama aliyelala kwenye matope, sembuse nchi. Watu wakacheka. Nikasimama. Nikawaeleza kwamba uchumi ni kama pikapu iliyozima: ikisukumwa mara moja, inawaka na kujiendesha yenyewe. Nikaambiwa niketi, chai yangu inapoa. Ushindi mtupu!

Mimi mwenyewe ni pikapu iliyozima. Tangu mashine za kuchuma chai ziingie kwenye shamba kubwa na sisi wachumaji turudishwe nyumbani, boma hili linaendeshwa na mayai ya mke wangu, Nyamusi. Unga ni mayai. Sabuni ni mayai. Hata kalamu hii ni mayai. Mwanamume mzima! Inaniuma, siandiki zaidi.

Nyamusi ameenda Longisa, dada yake amejifungua. Atarudi Ijumaa. Ameniachia kuku wake na agizo moja tu: nisiguse banda lao. Kana kwamba mimi ni mtu wa kugusagusa vitu.

Jumanne, 13 Mei

Baraza! Naibu chifu Kipruto ametangaza mpango wa serikali wa kuinua uchumi, hapa hapa Chepilat. Nilimwangalia Kipkurui. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Maofisa watapita Ijumaa, boma kwa boma. Aliyejitayarisha atapewa, asiyejitayarisha atabaki kutazama. Kisha chifu akatoa sharti lenyewe. Naliandika kama nilivyolisikia: "Banda gwanza, gugu paadaye."

Sasa, hapa ndipo elimu inapohitajika. Chifu wetu ni Mkipsigis safi, na katika kinywa chake b na p hubadilishana viti, k na g vilevile. Mwanangu Peter, chifu humwita Beter. Mimi Mkisii nimeishi na watu hawa tangu ujana, nawasikia hadi ndani ya mifupa. Nikatafsiri papo hapo: "Panda kwanza, gugu baadaye." Yaani tupande sasa, magugu tutapalilia baadaye. Ushauri mzuri wa kilimo! Wengine walisikia maneno, mimi nilisikia maana.

Sikungoja maswali na majibu. Hayo ni ya wasioelewa. (Nyamusi husema hata mimi nikikaribisha wageni kula, l yangu hugeuka r, wanaanza kutafuta vitambulisho vya kupigia kura. Wivu tu.)

Jumatano, 14 Mei

Tangu alfajiri ni nyundo kila upande. Kila boma watu wanagonga misumari. Wanajenga! Wiki ya kupanda! Nilitaka kuwaamsha, nikajizuia. Kila atakayekosa ananiongezea nafasi mimi. Nikapita nikiwasalimia chamgei, nikatabasamu.

Shida ni mahali pa kupanda. Shamba letu ni dogo, lote ni chai changa isiyoanza kuchumwa, mpaka kwenye choo. Kumebaki kona moja tu, na juu yake kumekaa banda la kuku. Nilikwenda kuitazama hiyo kona. Udongo mweusi, mnono, una samadi ya miaka. Banda limekalia utajiri!

Agizo la Nyamusi nililikumbuka. Lakini alilitoa kabla ya mpango wa serikali kutangazwa. Angekuwa hapa angenishikia nyundo.

Limebomoka vizuri. Kuku nimewahamishia sebuleni. Nilikuwa bado nang'oa nguzo Kipkurui akatokea, jasho linamtiririka, akaomba mabati na mbao. Akasema anavihitaji haraka. Nikamwambia anipe miche ya sukuma wiki kutoka kitaluni kwake, tubadilishane. Akanitazama. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akauliza tena, akataka kujua kama nimezungumza na Mama Peter. Nikamwambia mimi ndiye mwenye boma. Akauliza mara ya tatu! Kisha akabeba mabati akikimbia.

Mabati yenye kutu kwa miche mizima! Nimemfunga bao mchana kweupe.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepanda. Mistari imenyooka kwa kamba. Mvua imenyesha palepale nilipomaliza, mbingu zenyewe ziko kwenye mpango.

Kuku hawana shukrani. Jogoo amewika juu ya kochi tangu saa ambayo hata Mungu amelala. Mmoja ametaga ndani ya kofia yangu ya kanisani. Wengine wamegoma kutaga kabisa. Nimewaeleza kwamba ni kwa muda mfupi.

Jioni nimefanya mazoezi ya hotuba yangu ya kupokea msaada. Inaanza: "Ndugu zangu, wapo waliosema haiwezekani." Hapo nitamtazama Kipkurui.

Ijumaa, 16 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Ofisa wa mpango alifika na chifu saa nne. Binti mpole, anaitwa Fancy. Nilivaa koti, kofia haikuvalika. Nikawaongoza moja kwa moja hadi kwenye sukuma. Fancy akasema ni sukuma nzuri sana, hongera mzee. Kisha akauliza liko wapi banda.

Nikacheka kidogo. Nikamwonyesha mistari. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: banda la kuku. Serikali inagawa vifaranga bora, na hakuna anayepewa bila banda. Akasema chifu alitangaza wazi. Banda kwanza, kuku baadaye.

Banda. Kuku.

Kumbe mzee Kipruto siku hiyo b yake ilikuwa b! Nani angejua?

Nikasema kuku tunao, nikafungua mlango wa sebule. Jogoo akatoka mbio, akapita katikati ya miguu ya chifu. Fancy akaandika kitu. Chifu akasema, kwa huruma ambayo sikuiomba, kwamba boma hili ndilo alilokuwa analitegemea, kwa sababu Mama Peter alikuwa na banda bora kuliko yote.

Walipokwisha kuvuka kwa Kipkurui, ndipo Nyamusi akaingia langoni na mkoba wake.

Hakupiga kelele. Aliangalia sukuma, akaangalia kuku wake, akaangalia ng'ambo ya ua, ambako mabati yake yalikuwa yamekaa juu ya banda jipya la Kipkurui, na Fancy anamhesabia Kipkurui vifaranga. Akaketi juu ya jiwe la kufulia. Akasema: "Baba Peter, tutakula nini?" Basi. Heri angenitukana. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani Kipkurui alisimama kushuhudia. Akasema zamani alidhani serikali haiwezi kumwinua mtu, lakini sasa ameona kwa macho yake. Maneno yangu! Mabati yangu! Waumini wakapiga makofi. Hata Nyamusi alipiga.

Nyamusi amekubaliana na mke wa Kipkurui. Kuku wake watalala kwao kwa sasa. Kila asubuhi anavuka ua kuokota mayai yake chini ya mabati yake mwenyewe, akirudi ananipita bila kuniangalia. Nimemwomba msamaha. Akaniambia nisiguse chochote tena.

Jumanne, 10 Juni

Siku njema! Sukuma imeshamiri, majani mapana, Nyamusi ameanza kuiuza sokoni na juzi alinichekea, akaniongezea nyama kwenye sahani. Leo ameenda Longisa kumwona mtoto. Ameacha agizo: nisiguse sukuma.

Lakini leo palikuwa na baraza! Awamu ya pili, kwa sisi tuliokosa. Chifu akasema: "Tayarisheni mahali pa kubanda. Miche inaguja."

Wakati ule nilikosea kwa kudhani b yake ni p. Mwerevu hakosei mara mbili. Banda ni banda! Na miche ni wazi: ni vijiti vya kujengea kuta, serikali imeona watu hawana mbao. Sikungoja maswali.

Kipkurui anachimba mashimo shambani kwake. Mtu ana kuku, anachimba mashimo! Nilimpitia, nikamwambia achukue sukuma yangu yote, shina kwa shina, anipe yale mabati aliyobakiza. Akanyoosha mgongo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akaniuliza kama nimezungumza na Mama Peter.

Ameniuliza mara ya tatu, kisha akaenda kuleta mkokoteni. Masikini, hajui nimemfunga bao tena.