Mwenyekiti Ajiripoti Mwenyewe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Barua imefika! Serikali tatu, yetu na mbili za ng'ambo, zimeungana kupiga vita ufisadi michezoni na kulinda haki za wachezaji. Jumamosi maafisa wao watakuja hapa Kayole kutazama mechi yetu na Donholm. Timu yenye uongozi safi zaidi, kiongozi wake atahutubia mkutano mkuu mjini. Mwenyekiti wetu ni nani? Mimi, Ndete Munyoki! Suti nimeshapeleka kwa fundi.

Jumanne, 10 Juni
Kila mchezaji ajaze fomu ya malalamiko, barua inasema. Nimewaondolea usumbufu. Zote kumi na nane nimejaza mwenyewe: "Sina lalamiko. Mwenyekiti ni kama baba." Nahodha Mugo akataka kuiona yake. Nikamwambia ni siri. Siri pia ni haki.

Alhamisi, 12 Juni
Nzisa, kocha wa Donholm, amewaacha wachezaji wake wajaze wenyewe. Wamelalamika mpaka kuhusu sauti yake! Mama huyu hajui siasa. Lakini ana mshambuliaji hatari, na uongozi safi uliofungwa mabao matano nani atauona? Nimempelekea refa Wehliye blanketi jipya. Juni hii ina baridi. Kalipokea bila neno. Mtu mwelewa!

Jumamosi, 14 Juni
Tumefungwa manne. Penalti hata moja hatukupewa! Wakati wa mapumziko namwona Wehliye akimkabidhi afisa mfuko. Blanketi langu! Mugo naye amesimama hapo na zile fomu, afisa kamwonyesha, zote mwandiko mmoja, akieleza kwamba nilimlazimisha mchezaji wetu Ndolo kucheza na kifundo kilichovimba. Ndolo mwenyewe alikuwa kwenye benchi, mguu umefungwa kitambaa, haniangalii. Niliona aibu. Dakika nzima! Sikuipenda.

Afisa akaanza kunijia. Nikawahi kipaza sauti.

"Waheshimiwa, kuna mtu hapa anahonga refa, anaghushi fomu, anachezesha majeruhi. Anaitwa Ndete Munyoki!"

Kisha mgeni mmoja akapiga makofi. Akasema amezunguka nchi nyingi, hajawahi kuona mwenyekiti akijiripoti. Nimesimamishwa mwaka mmoja, na nimealikwa mkutanoni kama shahidi. Shahidi wa kimataifa! Nzisa ndiye atakayehutubia. Akanipa mkono wa pole. Wivu tu.

Jumatatu, 16 Juni
Ndolo ameanza matibabu. Vijana wamempigia Mugo kura awe mwenyekiti. Sawa, mimi nimepita ngazi hiyo.

Ratiba ya mkutano imetoka. Nzisa dakika ishirini, mimi tano. Tano! Dunia itajifunza nini kuhusu uadilifu kwa dakika tano? Bahati nzuri, karani anayepanga ratiba anaishi Buruburu. Nimemfikishia lita tano za asali ya kwetu Kitui. Hongo? Hapana! Kitui, Kayole na Buruburu bega kwa bega: huo ndio ushirikiano wenyewe.