Mikaratusi Ipewe Siku za Kuondoka

Njia ya Sikuda,
Busia.
Februari, 1976.

Kwa Bwana Afisa wa Misitu,
Tororo.

Bwana Afisa,

Naomba radhi kwa kukuandikia bila kuulizwa. Mimi ni msichana wa kidato cha pili, na darasani sinyooshi mkono hata nikijua jibu. Kwa karatasi naona haya kidogo tu. Nimechagua Kiswahili kwa sababu redio ilitangaza kwamba ndiyo lugha ya taifa, na kwa sababu askari wa hapa mpakani huenda wakaifungua barua hii kabla yako. Maafande, kama ni nyinyi mnaosoma sasa, nawasalimu. Bahasha mwifunge tena vizuri, ni ya kuazima.

Bwana Afisa, naomba mikaratusi iliyo katika kinamasi chini ya nyumba yetu ifukuzwe Uganda. Sababu zangu ni hizi:

1. Ni miti ya kigeni. Ninajua kwa sababu aliyeipanda ni babu yangu, Mzee Muhamadi, alipokuwa kibarua wa Mwingereza wa misitu. Anasema zamani kinamasi kilikuwa na mafunjo ya kusukia mikeka, kamongo wa kuvua kwenye tope, na chemchemi ambayo haikukauka hata kiangazi cha njaa. Mwingereza alikuja na ramani, na mahali pote hapo pameandikwa neno moja tu: kinamasi. Akasema hapatumiki, panazaa mbu, pakaushwe. Babu akamwambia, "Bwana, hapa ndipo tunapokunywa." Bwana akaandika kitu, lakini si hicho. Miti ikapandwa, ikanywa. Mbu hawakufa, walihamia kwetu.

2. Baada ya uhuru alikuja afisa Mwafrika. Babu alivaa kanzu ya Idi kwenda kumpokea, akamweleza habari ya chemchemi mwanzo mpaka mwisho. Afisa alisikiliza kwa adabu, kisha akafungua ramani ile ile na kuongeza mikaratusi mistari mitatu. Babu anasema alikuwa tofauti sana na Mwingereza, maana huyu alisema asante.

3. Nilikuwa mdogo Wahindi walipopewa siku zao za kuondoka, lakini nakumbuka duka la hapa Busia lililokuwa na chumvi, sabuni na mafuta ya taa, vyote kwa siku moja. Mwenye duka alifunga mlango akaenda. Mkaratusi umeishi kwetu miaka mingi, na haujatuuzia hata kijiti cha kiberiti. Nimefikiri sana na bado sielewi kwa nini yeye aliondoka na mti ukabaki.

4. Haupangi foleni. Sisi tunapata sukari kwa foleni na kwa cheti cha chifu. Mkaratusi unakunywa mchana na usiku bila cheti cha mtu yeyote.

5. Hili ndilo kubwa, na nisingelijua bila Mwalimu Oboth wa Jiografia. Ametufundisha kwamba mti huvuta maji kwa mizizi na kuyatoa hewani kwa majani, halafu yanakuwa mawingu. Nami nimetazama mawingu yetu. Mchana upepo wa ziwani huyasukuma upande wa Kenya, yananyesha kwenye mihogo ya watu wa kule, na hakuna askari wa forodha anayeinua hata kichwa. Bwana Afisa, hayo ni magendo. Maji ya Uganda yanavuka mpaka kila siku, mchana kweupe, juu ya kofia za walinzi.

6. Sasa mama yangu. Chemchemi ilipokauka, alianza kwenda alfajiri upande wa Kenya, kwenye kisima cha Mama Syprose, mjane mwema anayeuza maharagwe sokoni na asiyetutoza kitu. Kwa hesabu yangu ya nambari tano, maji ya kisima kile ni yetu, na mama anayarudisha nyumbani. Lakini wiki iliyopita askari alimsimamisha.

"Mama, wewe nabeba nini?"

"Maji, afande."

"Maji ya wapi? Ya Kenya? Hiyo magendo. Mwaga!"

Mama akaanza kumwaga barabarani. Debe lilipofika nusu, afande akasema, "Ngoja, bakisha. Mimi sijaoga."

Mama akamjibu, "Oga, baba. Na ukipata sabuni, utuambie na sisi ulipoipata."

Watu walicheka, kisha wakakumbuka wako wapi wakatazama chini. Afande naye alicheka kidogo, lakini debe alilichukua. Jirani yetu, Mama Amulen, hakubahatika kupata askari anayecheka. Alilala kambini siku mbili kwa ajili ya debe la maji, na tangu arudi hazungumzi ila anaposalimiwa. Mama bado anakwenda, kwa debe la kuazima. Kila asubuhi nafika shuleni nikiwa sijui kama nitamkuta nyumbani jioni, na Mwalimu Oboth anafikiri sinyooshi mkono kwa sababu sijasoma.

7. Babu anatawadha kwa udongo. Dini inaruhusu panapokosekana maji, lakini yeye anaona aibu, maana udongo wenyewe ni ule wa kinamasi alichokikausha kwa mikono yake. Juzi alisema, "Hasifa, nimejipaka udongo mpaka nimekuwa tofali. Nikifa msinioshe, nichomeni mjengee choo." Nyumba nzima ilicheka isipokuwa yeye.

Bwana Afisa, tumesikia kwamba kwa amri ya mwaka jana ardhi yote ni mali ya serikali. Chemchemi iko ndani ya ardhi. Kwa hiyo anayekunywa chemchemi mpaka chini ameiba mali ya serikali, na wakati wa vita vya uchumi hilo si kosa dogo.

Kuikata hakutoshi. Babu alikata mmoja, ikachipua mitatu. Naomba ipewe siku zile zile walizopewa Wahindi, na kila mti uruhusiwe kubeba majani yake na sanduku moja. Ipandishwe treni hapo Tororo, maana Babu anasema miche ilikuja kwa treni, itaikumbuka njia. Isindikizwe na askari wote wa mpaka huu, kwa sababu ni miti mirefu na inaweza kuleta ubishi. Askari wakiwa kwenye treni, sidhani watapata nafasi ya kutazama madebe ya akina mama, lakini hiyo si sababu yangu.

Mahindi na mihogo pia ilitoka ng'ambo ya bahari. Hiyo naomba ipewe uraia, imekaa nasi vizuri. Ila kuna kitu kingine kilicholetwa na Mwingereza, kikachorwa kwenye ramani hiyo hiyo, hakizai matunda, hakitoi kivuli, na kimemtenga mama na kisima. Ni mpaka. Kama kwenye treni kutabaki nafasi, naomba nao upakiwe.

Msalimie karani wako, dereva wako, mkeo na watoto, askari wa mlangoni kwako akiwa mpole, na miche yote iliyo kwenye kitalu, ambayo bado haijakosea mtu.

Ni mimi mtoto wako mtiifu,
Hasifa binti Nasuru.

Baada ya kutia sahihi:

Nilikuwa nimeshalamba bahasha mama aliporudi, jua likiwa juu, debe limejaa. Gari la jeshi lilikuwa barabarani asubuhi yote. Yeye na Mama Amulen waliingia kwenye kinamasi, kila mmoja akasimama nyuma ya mkaratusi wake, madebe kichwani, mpaka likapita. Mama amekonda siku hizi, anatosha nyuma ya mti. Mama Amulen hatoshi, kwa hiyo alipewa miwili. Amezungumza leo kwa mara ya kwanza bila kusalimiwa. Amesema, "Muzungu alipanda karibu karibu, Mungu amrehemu."

Kwa hiyo, Bwana Afisa, miti usiiguse. Ukiweza, ongeza mistari mitatu, hasa upande wa barabarani. Ukiulizwa ni kinamasi gani, sema hukijui, nami nimeshasahau. Ombi la mpaka linabaki pale pale.

Babu ameisoma barua hii yote, amecheka mwishoni, na amesema itafaa kuwashia moto wa chai. Kuni zetu ni za mkaratusi.

Ikiwa barua haitakufikia, tafadhali usijibu.