Aliyeipa Bendera Yetu Rangi

Jumanne, 14 Oktoba
Jumapili chuo kinatimiza miaka mia, na Bi Kuwabara wa makumbusho anachongesha jiwe la kumbukumbu: eti mwanzilishi aliichagua rangi ya chuo, hudhurungi, kwa kuutazama mlima. Mlima! Aliyetupa rangi ni babu yangu Seijiro, mshika bendera wa klabu ya makasia! Mama ana miaka themanini na sita, na nimemwahidi atalisoma jina la baba yake kwenye jiwe hilo. Halipo. Nikamweleza Bi Kuwabara. Akacheka, akasema babu yako na rangi wapi na wapi, lete ushahidi, bwana karani.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimewaendea vijana wa kikosi cha ushangiliaji, watunzaji wa bendera ya kale ya klabu, niikague kwa siri. Wakakataa katakata: haikunjuliwi bila ngoma na kikosi kizima. Nikawahonga vitumbua vya maharage. Wakala, wakapiga ngoma, chuo kizima kikatoka nje! Siri gani tena. Bi Kuwabara yuko dirishani, kashika mbavu. Lakini nimeona: ndani ya pindo, kitambaa ni cheupe!

Ijumaa, 17 Oktoba
USHINDI! Nimelipata daftari la klabu, na ukurasa wa siku ya mashindano unasema: “Mvua inanukia. Seijiro kaipaka bendera yetu nyeupe maji ya matunda mabichi ya persimoni, yale ya kuzuia mvua kwenye miavuli. Asubuhi nyeupe pe. Jua likawaka. Alasiri imekuwa kama chai ya rangi. Nahodha alitaka kumtosa mtoni, ila tumeshinda, basi ibaki hivyo hivyo.”
Bi Kuwabara kanywea! Kasoma mara tatu, kainama hadi kiunoni. Fundi anachonga upya: “Seijiro, aliyeiharibu bendera.” Sawa tu. Jina ni jina!

Jumapili, 19 Oktoba, saa mbili asubuhi
Mama hakungoja sherehe. Kafunua jiwe, kapitisha kidole kwenye jina, kalia, kacheka, kaniambia nimefanana na baba yake mno. Nimevimba kichwa, nakiri.
Jana redio ilitabiri mvua. Mapazia ya sherehe, mistari myekundu na myeupe, mita sitini, yangelowa. Nimeyapaka yote maji ya persimoni kwa mkono wangu. Mistari myeupe imebaki myeupe pe! Hata Bi Kuwabara kasifu.
Mvua yenyewe haikuja. Mawingu yametawanyika, jua linawaka ajabu. Siku njema kabisa, hakuna cha kuharibika.